UZI: Kasri la Marahubi, nyumba ya shamba ya Sayyid Barghash: ilivyosimama, ilivyopata maji, na kinachoyala magofu yake leo

Mwashi_Chokaa

Wakuu, salaam. Picha za nguzo za Marahubi hupandishwa humu mara kwa mara na maelezo huwa yale yale: masuria mia kasoro mmoja, kisha moto, basi. Jengo lenyewe haliguswi. Uzi huu ni wa jengo. Wenye ujuzi wa mbao, maji na nyaraka, karibuni.

Mahali kwanza. Marahubi iko ufukweni, kama kilomita 4 kaskazini ya Mji Mkongwe, upande wa bahari wa njia ya Bububu. Karne ya 19 hapo palikuwa nje ya mji kabisa. Mji ulikuwa juu ya rasi, hori likiutenga na Ng'ambo, na mwenye uwezo alikuwa na nyumba mbili: ya mjini kwa baraza na biashara, ya shamba kwa hewa, maji matamu na faragha. Ndiyo maana pwani hii ya magharibi ina msururu wa makasri. Mtoni ni la Sayyid Said bin Sultan, la kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820. Beit al-Ras, mbele zaidi kaskazini, lilikuwa halijamalizika alipofariki baharini mwaka 1856. Chukwani liko kusini ya mji. Marahubi lilijengwa 1880 hadi 1882 na mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888.

Moto wa mwaka 1899 ulilimaliza. Kilichobaki ni nguzo nene za mviringo zilizosimama safu, nyumba ya hamamu yenye kuba, mabaki ya mfereji wa maji ulioinuliwa, mabirika (matangi ya maji ya kujengwa), na vipande vya ukuta wa bustani. Yaangalieni hayo kwa pamoja mtagundua jambo moja: kila kilichosalia ni kile ambacho hakikuwa na mti ndani yake. Kuba haina boriti. Mfereji hauna boriti. Nguzo ni mawe na chokaa tupu. Kwa hiyo gofu la Marahubi si nyumba iliyopungua tu, ni nusu moja ya nyumba, nusu ya mawe. Nusu ya mbao, ambako watu waliishi hasa, imeondoka yote. Anayetaka kulielewa kasri lazima aijenge upya ile nusu ya pili kichwani, na hesabu za kukadiria hilo zipo.

Mkwezi_Bububu

Ahsante Maalim. Swali: zile nguzo zilibeba nini? Wapo wanaosema ulikuwa ukumbi wa mawe wenye dari ya mawe, wengine wanasema ni roshani tu. Kwa unene ule, mtu mmoja hawezi kuikumbatia nguzo akaimaliza, inaonekana zilibeba mzigo mzito sana.

Seremala_Malindi

Mkwezi, unene wa nguzo usikudanganye. Nguzo ya mawe ya matumbawe na chokaa haifanywi nene kwa sababu ya uzito wa juu peke yake. Mawe yenyewe ni vipande visivyo na umbo, yanashikwa na chokaa ambayo ina nguvu ndogo, hivyo nguzo nyembamba ingepasuka au ingeinama. Unene ndio unaoipa utulivu.

Sasa tupige hesabu ya dari. Dari ya kawaida ya Unguja ni boriti zilizolazwa kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 40, juu yake mawe bapa, juu ya mawe zege la chokaa lililopigwa kwa vigongo mpaka likashikana. Zege hilo ni zito. Mita moja ya ujazo ina kilo 1,800 hivi, na unene wa sentimita 25 unakupa kilo 450 kwa kila mita ya mraba. Chukua chumba cha upana wa mita 2.7, boriti kila sentimita 35: boriti moja imebeba kilo 425 kabla hajaingia mtu wala kitanda. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe za pwani ni virefu na vyembamba. Urefu utakao, lakini upana unakomea mita 2.5 mpaka 3. Ukizidisha, boriti zinapinda, dari inapasuka katikati, mvua inaingia, na mwisho wake mnaujua.

Ukilinganisha, sakafu ya ubao wa msaji wa sentimita 3 ina kilo 20 hivi kwa mita ya mraba. Yaani chini ya sehemu ya ishirini ya ile ya chokaa. Kwa uzito huo unaweza kutandaza veranda pana, yenye kivuli kirefu, juu ya nguzo chache zilizoachana, ukitumia magogo ya mraba yaliyopasuliwa kwa msumeno badala ya boriti za duara. Ndivyo nguzo za Marahubi zinavyoeleweka: zilibeba veranda na roshani za mbao. Kukaa kwake safu, kuelekea bahari, kunaafiki hilo.

Na angalieni upande. Pwani hiyo inatazama magharibi. Jua la alasiri linapiga uso wa nyumba kuanzia saa tisa mpaka magharibi. Bila veranda ya kina kirefu, ukuta wa mawe unanywa joto mchana kutwa halafu unalitoa usiku watu wamelala. Veranda ilikuwa mwavuli wa ukuta kwanza, kisha mahali pa kupunga hewa. Fundi aliyeipanga alijua kazi.

Mlamu_wa_Mkomani

Nyongeza kutoka huku kaskazini, maana boriti nyingi za kasri za Unguja zilikuja kwa jahazi kutoka Rufiji na visiwa vya Lamu. Watu wengi husema "boriti" kwa kila mti wa mikoko, lakini mnunuzi ghalani huwezi kumwambia hivyo. Miti inapangwa kwa kipenyo. Chini ya sentimita 4 ni fito. Kutoka 4 hadi karibu 8 ni pau. Kutoka 8 hadi 11 na kidogo ni mazio. Boriti ni ya 11.5 hadi karibu 14. Zaidi ya hapo ni nguzo. Mkarabati akiletewa mazio kwa bei ya boriti, dari itaonyesha kosa baada ya masika mawili.

Jambo jingine. Mti wa mkoko haupendwi na mchwa kwa sababu ya ukali wa ganda na maji yake, lakini hiyo si kinga ya maji. Boriti haiozi katikati. Huoza kichwani, zile sentimita 20 au 25 zilizoingia ukutani, kwa sababu ukuta unyevu unakishika kichwa hicho mwaka mzima. Kwa macho ya chini boriti nzima, kumbe ncha zimekuwa unga. Njia ya kupima ni kuchoma kwa bisibisi ndefu pale inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, boriti hiyo imekwisha.

Nyaraka_za_Pwani

Niingie upande wa tarehe, kwa sababu jengo hili lina sababu zake.

Barghash hakuwa mtu wa kukaa kisiwani tu. Baada ya jaribio lake la kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859 alipelekwa Bombay, akakaa huko mpaka 1861. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Inasimuliwa kwamba ukuta mrefu wa bustani ya Marahubi ulifuata kuta za bustani kubwa alizoziona huko, na miembe ya shamba lile inasemwa aliileta kutoka India. Hayo ni masimulizi. Ila sura ya kasri, veranda pande kwa pande, bustani iliyozungushiwa ukuta, maji yanayopita kwenye mabirika, inaonyesha mtu aliyekwisha kuona majumba ya Bombay. Ni huyu huyu aliyeuletea mji maji ya chemchemi kwa mifereji, na aliyejengewa reli fupi kuelekea kasri la Chukwani, mabehewa yakikokotwa na nyumbu kwanza, kisha na garimoshi dogo. Nyumba za shamba zilikuwa sehemu ya mpango mmoja wa kuunganisha mji na viunga vyake kwa maji na njia.

Mwaka 1883, mwaka mmoja tu baada ya Marahubi kukamilika, ikamalizika Beit al-Ajaib mjini. Tazameni tofauti: veranda zile zile za kuzunguka, lakini nguzo zake ni za chuma cha kusubu kilicholetwa kwa meli. Marahubi ilitegemea nguzo za mawe. Mtu akitaka kuona veranda ya Marahubi ingefananaje kwa upana na kivuli chake, picha za zamani za Beit al-Ajaib ndizo za kuanzia.

Kuhusu masuria. Hesabu ya tisini na tisa inarudiwa kila mahali na inapendeza watalii, lakini ina kasoro ya kuwafanya wanawake wale kuwa pambo la hadithi. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873 kwa mkataba aliotia saini Barghash mwenyewe. Utumwa kisheria ulifutwa kwa amri ya 1897, chini ya Sayyid Hamoud, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo, na hawakuingizwa mpaka 1909. Kasri liliungua 1899. Kwa hiyo wakati Marahubi inateketea, sheria iliyowakomboa wengine ilikuwa bado haijawafikia wanawake ambao nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili yao. Mimi naona hilo lina uzito kuliko hesabu yoyote, na libandikwe kwenye kibao pale mlangoni.

Mkwezi_Bububu

Bi Nyaraka, nashukuru sana, hilo la 1909 sikulijua. Je, kuna maelezo ya aliyeishi ndani ya makasri haya? Maana vyumba vilipangwaje hatuwezi kuona tena.

Nyaraka_za_Pwani

Ya Marahubi hapana ya kutegemea, ila ya jirani yake yapo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886 ndizo maelezo bora ya nyumba ya namna hii kutoka ndani. Anaeleza ua mkubwa katikati, wenye tausi, paa, mbuni na bata, hamamu zikiwa zimepangwa mwisho wa ua, na watu wapatao elfu moja wakiishi na kutumika mle. Upande wa bahari palikuwa na banda la mviringo la mbao lililoinuliwa, baba yake akitembea humo mbele na nyuma kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa jeraha la risasi la zamani.

Chukueni mambo mawili hapo. Hamamu zilikuwa na sehemu yake mbali na vyumba vya kulala. Na sehemu bora ya nyumba, ya kukaa mwenye nyumba, ilikuwa ya mbao na ilitazama bahari. Marahubi miaka hamsini baadaye inafuata utaratibu huo huo: maji nyuma na pembeni, mbao mbele.

Mtoni lenyewe liliachwa kabla ya karne kwisha, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia lilifanywa ghala. Kuta zimesimama zaidi kuliko za Marahubi kwa sababu ghorofa zake zilikuwa za mawe kwa kiasi kikubwa.

Fundi_Birika

Niongee maji, maana huku ndiko Marahubi ilikuwa bora kuliko majirani zake.

Maji yalitoka chemchemini, yakapita kwenye mfereji uliojengwa juu ya ukuta na matao, yakaingia mabirika, yakagawanywa kwa hamamu na bustani. Hakuna pampu. Kila kitu ni mteremko. Mfereji uliolainishwa kwa lipu ya chokaa hauhitaji mteremko mkubwa: sentimita 20 kwa kila mita 100 zinatosha maji yatembee bila kutuama na bila kula lipu. Ukizidisha mteremko unapoteza kimo kabla hujafika, na ukikosa kimo hamamu haipati maji ya kudondoka kutoka juu. Ndiyo sababu mfereji umeinuliwa. Si mapambo.

Mfereji wa namna hii hufa kwa njia tatu. Mizizi hupenya pale ukuta wa pembeni unapokutana na sakafu. Ukuta wa chini hutitia kidogo upande mmoja, ufa unapita katikati ya mfereji, maji yanaingia kwenye kiini cha ukuta badala ya kwenda mbele. Au watu hubomoa mawe kwa ajili ya misingi ya nyumba zao. Ya pili ndiyo mbaya kwa sababu haionekani: ukuta unavimba tumbo, na anayeupita chini hajui.

Hamamu sasa. Wapo wanaozichanganya za Marahubi na Kidichi. Kidichi ni ya Sayyid Said, mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na fahari yake ni lipu iliyochongwa maua na ndege. Hamamni ya mjini ni ya wakati wa Barghash, ilikuwa ya umma, na iliendelea kufanya kazi mpaka kiasi cha 1920. Ya Marahubi ilikuwa ya ndani ya kasri. Anayetaka kuelewa mpangilio aende Hamamni kwanza, maana ile ni nzima na joto lilikuwa likipita chini ya sakafu, kisha ndipo aende Marahubi kusoma kile kile katika gofu. Marumaru ya Marahubi msiitafute, ilibebwa baada ya moto.

Mwashi_Chokaa

Nirudi kwenye moto, kwa sababu madhara yake hayakwisha siku ile.

Jiwe la matumbawe ni chokaa mbichi. Likipata joto la nyuzi 800 mpaka 900, uso wake unaanza kugeuka chokaa iliyochomwa, ile ile inayotoka kwenye tanuu. Mvua ya kwanza ikilinyeshea, uso huo unazimika, unavimba, unabomoka kuwa unga. Kwa hiyo mahali magogo ya veranda yalipoungua yakiwa yameegemea kichwa cha nguzo, jiwe linaweza kuwa limekufa sentimita kadhaa ndani hata kama umbo lipo. Fundi apitie nguzo kwa nyundo ndogo ya mbao, akianzia juu. Sauti kavu, ngumu, ni jiwe zima. Sauti ya kitu kitupu ni lipu iliyoachana na jiwe. Sauti ya kuzama, na vumbi jeupe linalodondoka, ni jiwe lililochomeka. Hapo usigonge tena, weka alama ya chaki, pima, andika.

Rangi pia inasema. Chokaa yenye udongo mwekundu ndani yake ikipata moto hugeuka nyekundu iliyoiva. Ukiona kiungo cha ukuta upande mmoja cha rangi hiyo na upande wa pili cha hudhurungi, upande wa kwanza ndio uliotazama moto.

Kijana_Ramani

Shikamoo Maalim na wote. Kuna jambo silielewi. Kama tatizo ni kudhoofika kwa chokaa, kwa nini tusipige saruji tu? Ni ngumu zaidi, inapatikana kila duka, na mafundi wote wanaijua. Naona kuta nyingi Mji Mkongwe zimepigwa saruji na zinaonekana nadhifu.

Mwashi_Chokaa

Marahaba. Swali zuri, na ndilo linaloua majengo mengi kuliko moto.

Ukuta wa kale hauna msingi wa kuzuia unyevu. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanaingia kutoka juu, na hewa ya bahari inaleta chumvi. Ukuta ulipangwa hivyo: unakunywa na unatoa jasho kupitia viungo na lipu. Chokaa inapitisha mvuke. Saruji haipitishi vya kutosha. Ukiifunika, maji yanabaki nyuma yake, chumvi inaganda pale pale kati ya saruji na jiwe, fuwele zinakua, na baada ya miaka michache saruji inatoka kipande kizima kama ubao, ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Unadhifu unaouona ni wa mwanzo. Ugumu nao ni kasoro: ukuta wa matumbawe unacheza kidogo kwa joto na unyevu, saruji haichezi, kwa hiyo inapasuka nyufa nyembamba, na ufa mwembamba unanyonya maji ya mvua kuliko tundu kubwa.

Hatari zaidi ni ndani. Kiini cha kuta nyingi ni mawe madogo na mchanganyiko wa chokaa na udongo mwekundu. Udongo huo ukipata maji ya kudumu unaoshwa, unashuka chini ndani ya ukuta, unajikusanya, na ukuta unavimba kwa nje. Saruji inaficha uvimbe mpaka siku ya kuanguka.

Kwa hiyo Marahubi hakuna mahali pa saruji hata kijiko. Waliokwisha kuipaka mahali, iondolewe kwa patasi nyembamba, polepole, kuanzia kwenye nyufa zake yenyewe. Ikigoma na kung'oa jiwe, iachwe mpaka ijiachie.

Kijana_Ramani

Basi tupe kipimo kamili cha lipu ya chokaa, Maalim. Na chokaa ya mfuko inafaa?

Mwashi_Chokaa

Zamani chokaa ilichomwa palepale pwani. Magogo yanapangwa duara kubwa, matawi na mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa katikati. Ikishapoa inazimwa kwa maji na kuachwa miezi ipigwe na mvua mpaka ilainike. Chokaa ambayo haikuzimika vizuri ina punje mbichi, zinakuja kuzimika ukutani na kupasua vishimo kwenye lipu.

Chokaa ya mfuko inafaa ukiitendea haki. Imwage kwenye pipa lenye maji, siyo maji kwenye chokaa, koroga, acha sentimita chache za maji juu yake daima, funika. Saa 24 ndicho kiwango cha chini kabisa. Miezi mitatu ni bora mno. Mfuko uliokwisha kufunguka na kukaa hewani usinunue, tayari umerudi kuwa jiwe.

Kipimo ni chokaa laini 1 kwa mchanga 3, kwa ujazo. Mchanga uwe wa mashimoni, mkali, wenye punje kubwa na ndogo, usiwe wa pwani. Mchanga wa pwani unaleta chumvi unayojaribu kuikimbia, na punje zake za mviringo hazishikani. Pale panapopigwa na mvua sana, sehemu moja kati ya hizo tatu iwe unga wa tofali lililochomwa na kusagwa. Unga huo unaifanya chokaa igande hata penye unyevu.

Kiasi: kwa mita 10 za mraba, lipu ya jumla sentimita 3, unahitaji ujazo wa mita 0.3. Mchanga ndoo 15 za lita 20, chokaa laini ndoo 5, kwa sababu chokaa inajaza nafasi kati ya punje, haiongezi ujazo. Ukuta wa matumbawe una mashimo, kwa hiyo ongeza angalau robo.

Ukuta uoshwe na uloweshwe jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi mpaka uache kunywa lakini usiwe unang'aa maji. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, urushwe kwa nguvu, usipakwe. Kila mkono usizidi sentimita 1. Subiri ushike kiasi cha kidole kutozama, kwaruza, kisha mkono wa pili siku kadhaa baadaye. Funika kwa magunia mabichi siku 7 mpaka 14. Chokaa inakomaa kwa kunywa hewa, kiasi cha milimita 1 kwa mwezi, na haiwezi kuinywa ikiwa imekauka kwa jua. Kazi ifanywe mwisho wa masika, kipindi cha kipupwe, siyo katikati ya kaskazi. Lipu iliyokauka siku ya kwanza ni unga uliosimama.

Mkwezi_Bububu

Na miti inayoota juu ya kuta? Kila mwaka inakatwa, kila mwaka imerudi mikubwa zaidi.

Fundi_Birika

Mitini ya porini ndiyo adui mkubwa hapo. Ndege anaangusha mbegu kwenye kichwa cha ukuta, mzizi unashuka ndani ukifuata chokaa laini. Kosa ni kuung'oa: ukivuta mzizi unatoka na ukuta. Kata shina usawa wa ukuta, toboa matundu kwenye kisiki kwa keekee, jaza dawa ya kuua magugu palepale kabla utomvu haujakauka, ziba kwa udongo. Rudia kila linapochipua. Mzizi ukishakufa acha ndani, usiuguse, mpaka uoze. Nafasi iliyobaki ijazwe kwa uji wa chokaa na unga wa tofali.

Uji huo una taratibu zake. Matundu yatobolewe kila nusu mita, kuanzia chini. Pitisha maji kwanza uone yanatokea wapi, maana tundu usilolijua litamwaga uji wako upande wa pili. Jaza kutoka chini kwenda juu, kwa uzito wa ndoo iliyoinuliwa tu, siyo kwa pampu. Usipandishe zaidi ya mita 1 kwa siku. Uji mwingi ukiwa bado maji maji unasukuma ukuta nje kama maji ya birika, na ukuta uliosimama zaidi ya miaka 140 unaanguka mikononi mwa mkarabati.

Baada ya hapo ndipo kichwa cha ukuta kifunikwe: zege la chokaa lenye mteremko pande zote mbili. Unguja inapata mvua ya milimita 1,600 hivi kwa mwaka. Mita moja ya mraba ya kichwa cha ukuta kilicho bapa na wazi inapokea lita 1,600 za maji, na ukuta wenye nyufa juu unaziingiza ndani.

Seremala_Malindi

Kuna hoja imekuwa ikizunguka kwamba kasri lijengwe upya lote. Naipinga. Hatuna michoro ya ghorofa, hatuna vipimo vya magogo, na mbao zote ziliungua. Tukijenga tutajenga kasri letu la kubuni, na nguzo za kweli zitatumika kubeba ubunifu wetu. Pesa ziende kwenye hamamu, ambayo ina kuba halisi, lipu halisi na mpangilio unaosomeka. Kwanza vichwa vya kuta za hamamu vizibwe, pili maji ya mvua yaliyotuama kuizunguka yaelekezwe mbali kwa mtaro wa nusu mita kina, tatu ndipo lipu. Wakianza na lipu watakuwa wamepaka rangi kwenye ndoo inayovuja.

Nyaraka_za_Pwani

Naunga mkono, na kabla ya hayo yote ipigwe picha kila nguzo pande nne, ukiweka fimbo ya mita 1 yenye alama za sentimita 10 pembeni, saa mbili asubuhi na tena saa kumi jioni. Mwanga wa upande ndio unaoonyesha uvimbe na mashimo ya magogo ambayo mchana wa saa sita huyaoni. Nguzo zipewe namba kuanzia upande wa bahari kwenda bara, kusini kwenda kaskazini, na namba hizo zisibadilishwe na mkarabati yeyote atakayefuata, ili picha za mwaka huu zilinganishwe na za miaka kumi ijayo nguzo kwa nguzo.